Nilibadilishana kikebe cha ugoro bila kukifungua, kumbe kitovu cha mwanangu kilikuwa ndani

Wakuu, amani iwe kwenu.

Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe hapa Kamina, Haut-Lomami, Kongo. Mke wangu amekaa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi. Huku kwetu Kiswahili tunakichanganya na Kiluba na Kifaransa, na maneno ya watu nitayaandika kama walivyoyasema ("minyi" ni mimi, "weye" ni wewe). Mnivumilie.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mmetodisti wa kuzaliwa, na ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango lazima nirudi kuusukuma nione kama kweli umefungwa. Mwanafunzi akichelewa, kichwani mwangu ameshagongwa na pikipiki.

Halafu nina ugonjwa mwingine. Nakusanya vitu vidogo vya zamani vilivyotengenezwa kwa madini ya fedha, hasa vikebe vya ugoro. Wazungu wa reli walipoondoka waliacha vitu vingi katika mji huu, vingine walipewa wapishi na makarani wao. Mpaka leo unaweza kumkuta mama ametia vifungo vya shati katika kikebe ambacho Ulaya wangekiweka nyuma ya kioo.

Sivuti, sinusi, lakini rafu nzima nyumbani ni vikebe vya tumbaku. Walimu wenzangu wananiita "Pasta Ugoro". Nimeshazoea.

Navisugua kwa vumbi la chaki na kitambaa laini. (Msitumie mchanga, nawaomba. Kuna ndugu yangu mmoja alinisaidia kusugua kwa mchanga, sikumsalimia kwa muda mrefu.)

Sasa tuingie kwenye stori.

Kikebe nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa na umbo la yai, kifuniko kimechorwa majani ya mzabibu. Shida ilikuwa bawaba yake. Ilikuwa imelika, imebaki nyembamba kama uzi. Kwa sisi wakusanyaji, bawaba ikikatika, kikebe kimepoteza hadhi. Kwa hiyo kile nilikifungua siku nilipokipata, basi. Wageni walikitazama mikono mgongoni.

Nje ya mji tuna Base ya Kamina, ile kambi kubwa ya jeshi. Kule kulikuwa na askari mmoja wa cheo cha adjudant mwenye ugonjwa kama wangu. Nitamwita Jérôme. Jumamosi moja akaja kuniaga, amehamishiwa mkoa mwingine (wenyewe wanaita mutation), anasubiri ndege ya jeshi wiki inayofuata.

Jérôme alikuwa na kikasha cha fedha cha kuwekea njiti za kiberiti, chini kina meno ya kuwashia njiti. Nilikuwa nakimezea mate siku nyingi. Akasema tubadilishane, yeye achukue kile cha majani ya mzabibu.

Nilimweleza ukweli kuhusu bawaba. Akakubali. Nami moyoni nikasema, kama ni kukatika, heri ikatikie mkononi mwa mtu mwingine. Nikakifunga kwenye leso, nikampa. Sikukifungua, kwa sababu ile ile niliyowaambia.

Wakati huo mwanangu Ngoy alikuwa na wiki chache tu. Kabla yake mke wangu Julienne alipoteza mimba, na siyo mara moja. Kwa hiyo nyumbani kwetu huyu mtoto akipiga chafya, watu wazima wanasimama.

Jumatatu asubuhi, shule zikiwa likizo, nakunywa chai yangu, Julienne amesimama mbele ya rafu.

"Baba ya Ngoy, ile ka-boîte ya majani iko wapi?"

"Nilipatia Adjudant. Tulibadilishana."

Akakaa chini pale pale kwenye sakafu.

"Minyi nilitia mule kitovu ya mutoto."

Kwa wasiojua: kwetu kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka, hakitupwi. Kinatunzwa mpaka bibi yake aje akizike nyumbani, mara nyingi kwenye shina la mgomba. Hapo mtoto anakuwa na kwao. Kikienda kwa watu msiowajua, wazee wanasema mtoto hatatulia popote, na kama ni wa kiume, kupata watoto kwake itakuwa shida.

Julienne alinificha. Mimi ndiye niliyesimama kanisani mbele ya akina mama nikasema mambo hayo tuyaache. Kwa hiyo mama yake alipomwambia kwa simu "tunza kitovu, minyi nitakuya kuzika", alitafuta mahali ambapo mkono wangu haufiki.

"Niliyua weye haufungulake ile," akaniambia. "Nilisema mu nyumba yote, paka pale njo salama."

Yaani nyumba nzima aliona ni ndani ya kile nisichokifungua tu ndipo salama. Alikuwa amefikiri vizuri kabisa.

"Na Mama anafika lelo," akaongeza.

Nikapiga simu ya Jérôme. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Nikajiambia ameshapanda ndege.

Niwe mkweli, wakuu. Mpaka leo sijui kama naamini mambo ya kitovu. Lakini pale niliogopa. Nilijua mtoto akipata hata homa ndogo, Julienne atanitazama, na nitakuwa sina mahali pa kuweka uso wangu. Ngoy amelala kitandani amekunja ngumi, mimi namtazama kama mtu niliyemuuza.

Nikachukua kile kikasha cha njiti, nikatoka kutafuta pikipiki.

Njia ya Base ilikuwa matope, mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri. Kijana wa pikipiki anaongea habari za mpira, mimi namjibu "eeh" tu. Mara nikasikia mlio wa ndege juu. Nilimpiga begani asimame, nikashuka nikatazama juu mvua ikiniingia machoni. Ilikuwa inashuka, siyo kupanda. Yaani ndiyo kwanza inakuja kuwachukua. Nikamwambia kijana akaze.

Kwenye kizuizi nilikaa nasubiri waende kumwita Jérôme. Nilitembea huku na huku mpaka askari wa zamu akaniuliza kama nataka choo.

Jérôme akatokea amevaa singlendi. Aliponiona akasimama mbali.

"Bakia pale pale! Usikaribie!"

"Adjudant, ile boîte..."

"Minyi nilikukosea nini, mwalimu? Ninapata mutation ya muzuri, weye unanitilia kitovu ya muntu mu mizigo!"

Kumbe Jumapili alikifungua ili atie sindano zake za kushonea vifungo. Akaona. Mkongomani yeyote akiona kile kitu anajua ni nini. Mke wake akagoma kulala ndani ya nyumba yenye kitu hicho. Kwao wawili, mwalimu wa Kimetodisti alikuwa amewaroga wakiwa safarini. Ndiyo maana simu ilizimwa, alikuwa ananikimbia mimi.

Nikamwambia kwa sauti, askari wote wanasikia, maana aibu sikuwa nayo tena:

"Iko ya mutoto yangu! Ya Ngoy! Muke yangu alificha mule, minyi sikuyua!"

Akanitazama sana.

"Ya mutoto yako? Na weye ukabadilisha na kintu ya kiberiti?"

Akaanza kucheka, na wale askari wakacheka. Halafu nikaona kicheko kinamwisha usoni. Akasema polepole:

"Mwalimu, nilitupa."

Wakuu, hapo sikusikia mvua wala watu.

Alikuwa amekitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba zao. Na siku hiyo, kwa kuwa familia kadhaa zilikuwa zinaondoka, akina mama walikuwa wanachoma takataka. Tulikimbia. Jérôme mbele, mimi nyuma na viatu vya kanisani. Moshi tuliuona kabla ya kufika.

Upande mmoja ulikuwa umeshashika moto, mvua ndiyo iliyouchelewesha. Mimi nilishuka shimoni kwa mikono. Maganda ya mihogo, majani ya mahindi, godoro lililochanika. Jérôme alisimama ukingoni ananionyesha kwa kijiti: "Kule! Hapana, kule!" Mwenyewe hakuthubutu kushuka.

Nilikipata chini ya godoro. Nilikitambua kwa uzito, siyo kwa sura. Kwa woga wake alikipigapiga na nyundo mpaka kifuniko kikaumana na kebe lenyewe, halafu akakizungushia waya. Majani ya mzabibu yote yamebonyea.

"Ulibakisha kitovu mule?" nikamuuliza.

"Minyi kuigusa? Nilifunga vile vile!"

Nikampa kikasha chake. Hakukipokea mkononi. Akaniambia nikiweke chini, akakiokota kwa kitambaa. Tuliagana hivyo, kwa mbali, watu waliokuwa wakikaa pamoja mchana kutwa kupeana vikebe.

Njiani nikakitikisa sikioni. Kuna kitu kinagonga. Nikafurahi. Kidogo tu nikaanza tena: je, kama ni kipande cha bawaba? Je, kama kitovu kilidondoka alipokuwa anapiga nyundo, na Jérôme anaogopa kusema? Nilikitikisa mpaka kijana wa pikipiki akauliza kama ni dawa.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe ameshafika, amekaa barazani, Ngoy yuko mapajani mwake.

Lazima niwaeleze jambo hapa. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, wala hawaongei hivi hivi. Ni heshima. Kwa hiyo nikakaa upande, nimegeukia ukuta, matope mpaka kiunoni, nikampa Julienne kikebe ampelekee mama yake. Julienne alikuwa ameshamweleza kila kitu.

Mama mkwe alikigeuza, akakiweka sikioni, akakitikisa mara moja. Akakiweka kando ya Ngoy.

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia Julienne, kwa sauti ya kufika kwa mwenyewe: "Nitaleta koleo, nitavunja, tuone kama iko mule."

Mama mkwe akaanza kuongea na mtoto.

"Ngoy, ambia baba yako abakie na koleo yake. Kitovu minyi nayua sauti yake."

Nikabaki na ukuta wangu.

Huyu mama ni wa Malemba-Nkulu. Wanamgambo walipoingia alikimbia na familia yake, akaacha kila kitu, na mpaka leo anakaa kwa kaka yake upande wa Kabongo. Siyo mtu wa kusimulia. Julienne mwenyewe anasema hajawahi kumsikia akitaja siku ile. Sasa akawa anamwambia mtoto wa wiki chache:

"Unasikia, Ngoy? Kitovu ya mama yako nilizika Malemba, nyuma ya nyumba. Ya bandugu yake bote pia, mule mule. Tulikimbia. Sijue nani analima pale lelo. Bitovu bya batoto yangu udongo ilikula, hakuna hata kimoya nilibeba."

Julienne akageuka akatazama uani. Mimi nikatazama ukuta.

"Hii yako iko mu chuma. Haitaoza. Siku mutakimbia, mama yako anafukula, anakutia weye ku mugongo, anatia na hii. Mutaenda nayo. Ngoy, ambia baba yako minyi ninaomba ile boîte, tuzike nayo vile iko."

Mkusanyaji ndani yangu alishtuka, siwafichi. Kile kikebe sitapata kingine. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kuyanyoosha yale majani taratibu na kuunga bawaba. Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo, Julienne akairudia ili mama yake asikie.

Nilichimba mwenyewe, kwenye mgomba wa nyuma. Nilitaka kazi yangu iwe safi, nichimbe kwenda chini kabisa, mbwa wasifike, mvua isifike, mwizi asifike. Jembe lilikuwa linaingia vizuri kwenye ule udongo wenye maji.

Nyuma yangu nikamsikia:

"Ngoy, ambia baba yako asichimbe chini sana."

Sikuuliza kwa nini. Nilirudisha udongo kidogo, tukazika.

Mama mkwe ameshaondoka. Kuna jembe dogo Julienne ameliweka nyuma ya mlango wa jikoni, sikumwambia mimi. Kila jioni nikisukuma mlango kuhakikisha umefungwa, namkuta na yeye anatazama kama jembe lipo.

Basi wakuu, nilichojifunza. Wakusanyaji wenzangu, kitu kikitoka mkononi mwenu, kifungueni kwanza, bawaba ikatike tu. Wenye wake, msiongee sana kanisani mpaka mwenzako atafute pa kukuficha mambo. Na yale mambo ya "tuyaache" sijui tena kama nitayasema.

Kwenu kitovu mnakipeleka wapi? Na wale ambao mmewahi kukimbia nyumbani, mlibeba nini mkononi? Niandikieni hapa chini. Nitasoma yote, na Julienne pia atasoma.