Mchicha wa Bibi Mbele ya Baraza la Mji

Jumamosi za mtaa wetu zilinuka petroli na nyasi mbichi. Kabla hujafumbua macho ungesikia mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ikikohoa, ikikohoa tena, kisha ikawaka, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa unanguruma. Mji wetu ulikuwa mmoja wa ile midogo iliyojipanga kando ya barabara ya Route One, katika kaunti ya Prince George's, karibu kabisa na Washington. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba ungeweza kuuvuka kwa baiskeli aiskrimu yako ikiwa bado haijayeyuka, lakini ulikuwa na meya wake, baraza lake, na gari moja la taka ambalo dereva wake alitujua watoto wote kwa majina. Hayo yalinishangaza sana. Nilikuwa na miaka kumi, miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na nilitaka kujua nani aliamua taka zitolewe Jumanne, na kwa nini mbwa waandikishwe na paka waachwe wazurure bila karatasi yoyote.

Kila mwezi jarida la mji lilidondoka mlangoni kwetu, kurasa nne za karatasi ya njano. Watu wazima walilitumia kufungia maganda ya viazi. Mimi nililisoma kuanzia juu mpaka chini, kisha nikamsomea Bibi. Kiswahili nilikielewa chote, ila kama watoto wenzangu wa pale nilizoea kujibu kwa Kiingereza, na Bibi alikuwa akiniambia, "Nimekusikia, lakini sijakuelewa." Kwa hiyo jarida lile lilinilazimisha kuokoteza Kiswahili changu neno kwa neno, huku Bibi akinirekebisha na kucheka. Aliyapenda zaidi matangazo ya mbwa waliopotea.

Bibi alikuwa mama yake Baba. Alitoka Muheza kuja kumlea mdogo wangu mchanga, akafika wakati wa baridi, na wiki zake za kwanza alizimaliza kwenye kiti cha dirishani akiwa amejifunga khanga mbili juu ya sweta. Alikuwa mtu wa shamba maisha yake yote. Pale dirishani hakuwa na la kufanya isipokuwa kumpakata mtoto na kuhesabu magari, na kila jioni alimwuliza Baba imebaki miezi mingapi siku ya tiketi yake ya kurudi ifike. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hofu pia, maana Baba alimwambia Mama jikoni kuwa mama yake akiendelea hivi itabidi arudishwe mapema.

Theluji ilipoisha Bibi alitoa kikopo cha filamu ya kamera kwenye begi lake. Ndani hakukuwa na filamu. Kulikuwa na mbegu za mchicha, ndogo kuliko kichwa cha pini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kivuli cha miti mchana kutwa, kwa hiyo alilima mbele, palepale kwenye nyasi alizozitunza mpangaji aliyetutangulia. Baba alishika kichwa, lakini hakumzuia. Kufikia katikati ya kiangazi matuta yalikuwa yamejaa majani, na watu wa jumuiya yetu, Watanzania na Wakenya na familia moja ya Wakongo, walipita kwetu Jumapili kuchuma na kuondoka na mifuko. Bibi aliwaelekeza kutoka barazani kama msimamizi wa mashamba. Habari ya tiketi hakuigusa tena. Tuta moja, lile bora kuliko yote, alikataza lisichumwe, alitaka lizae mbegu, na likarefuka mpaka likanifika kiunoni.

Ndipo jarida la mwezi ule likaja na kipande kidogo kuhusu sheria ndogo za mji: nyasi na magugu yasizidi inchi kumi. Nilichukua rula yangu ya shule nikaenda kupima. Tuta la mbegu lilikuwa inchi thelathini na moja. Sikuogopa hata kidogo, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata swali la kweli. Je, mchicha ni nyasi, au ni gugu, au si chochote kati ya hivyo? Nyuma ya jarida palikuwa na namba ya simu ya ofisi ya mji. Nilisimama jikoni nikiuzungusha waya wa simu kidoleni, nikaipiga. Mama mmoja mwenye sauti nzuri akanisikiliza, akaniuliza mimea hiyo iko wapi. Mwalimu wetu alikuwa ametukaririsha anwani zetu mpaka namba ya posta, na hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza yangu. Niliitaja yote kwa madaha. Akanishukuru, na swali langu hakulijibu.

Siku ya tatu yake tulikuta karatasi ya rangi ya chungwa imebandikwa mlangoni. Baba aliisoma amesimama, viatu vya kazini vikiwa bado miguuni. Kulikuwa na malalamiko, ilisema, kuhusu magugu marefu mbele ya nyumba. Tukate katika muda wa siku kumi na nne, la sivyo mji utatuma watu wake waje kukata. Baba alipandisha macho akatazama ng'ambo ya barabara, alikokaa mzee mmoja mjane aliyekata nyasi zake kila Jumamosi kwa mistari iliyonyooka. "Ni yule," alisema. "Huoni anavyotuangalia?" Tangu siku ile Baba aliacha kumpungia mkono. Mzee aliinua wake mara mbili tatu, akaona haurudishiwi, naye akaacha.

Bibi hakugomba. Alilivuta begi lake kutoka chini ya kitanda akaliweka wazi juu ya kiti. "Kama majani yangu yanawaudhi wenye mji," alisema, "mimi hapa nafanya nini?" Nililiona begi lile kila nilipopita mlangoni mwake, likiongezeka nguo moja leo, nyingine kesho. Nilijua neno moja tu lingetosha kumsafisha yule mzee, na neno hilo lilikuwa langu, lakini niliona aibu na nililikalia.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Dada Imani, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukizungumza kwa ufasaha wa kitabuni uliomfurahisha sana Bibi. "Shikamoo Bibi, umeamkaje, na mtoto ameamkaje?" Alisalimia mpaka mwisho, hakuruka hata kituo kimoja. Ni yeye aliyetuambia kuwa baraza la mji hukutana Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na mkazi yeyote anaruhusiwa kusimama na kusema. Kwa bahati ilikuwa siku mbili kabla ya muda wetu kwisha. Baba alifufuka. Hakukuwa na harusi wala msiba wa Waswahili pale ambao hakupewa kipaza sauti. Aliwapigia watu simu waje kumuunga mkono, akafanya mazoezi ya hotuba bafuni siku tatu.

Ukumbi wa baraza ulinuka nta ya sakafu na kahawa iliyokaa sana. Saa moja na nusu jioni jua la kiangazi lilikuwa bado linaingia dirishani. Kwenye meza ya mlangoni kulikuwa na karatasi yenye mistari na kalamu iliyofungwa kamba. "Tujiandikishe wote," Baba alisema, "wajue kwamba tumekuja wengi." Tulikuwa kumi na mmoja, na sote tulijua daftari la mlangoni ni la mahudhurio, kama msibani. Kila mmoja aliandika jina, na kwenye safu ya pili, iliyotaka kujua jambo fulani, akaandika anakotoka. Bibi alisaidiwa kuandika Muheza. Dada Imani alichelewa kazini, na alipofika na kuiona karatasi ile alifunika mdomo kwa mkono, lakini karani alikuwa ameshaichukua. Ilikuwa orodha ya watakaozungumza, na safu ya pili ilikuwa ya mada.

Baba aliitwa wa kwanza. Alifunga kifungo cha koti, akaanza kwa Kiingereza chake cha sherehe. Alimtambua meya, mama mfupi mwenye miwani. Akawatambua wajumbe wa baraza, karani, mkaguzi wa mji, wazee waliohudhuria, kina mama, vijana, na majirani wema. Akashukuru kwa afya na kwa hali ya hewa. Akaleta salamu za jumuiya, na salamu za mama yake, aliyeketi pale. Mbele yake kulikuwa na taa ndogo iliyotoka kijani ikaingia njano. Bibi alitikisa kichwa kwa ridhaa, maana mwanawe alikuwa anasema vizuri. Siku hizi wasemaji wa nyumbani wana njia ya mkato, wanasema itifaki imezingatiwa na kusonga mbele, lakini Baba hakuwa mtu wa kumruka mtu. Alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi aingie kwenye mchicha taa ilipokuwa nyekundu. Meya alimshukuru kwa upole, akasema dakika zake tatu zimekwisha.

Kisha akasoma jina linalofuata. "Bwana Kasongo," alisema, akaikaribisha karatasi machoni, "kuhusu Bukavu." Baba Kasongo alidhani anatambulishwa. Alisimama, akainamisha kichwa kulia na kushoto, akasema "Merci, asante sana," akaketi. Mama Achieng, kuhusu Kisumu, alisimama akapunga mkono. "Niko hapa, tuko pamoja," alisema. Ikawa hivyo mtu baada ya mtu. Wajumbe walitazamana. Mimi nilijua kinachotokea, nikawa nayahesabu majina, yalikuwa yanakwisha na mchicha haujatajwa.

La mwisho lilikuwa la Bibi. Alinishika mkono tukaenda wote kwenye kipaza sauti, nimtafsirie. Hakuanza na salamu, alisema mwanawe alishazimaliza. "Waambie nimelima mboga," alisema. "Sikujua kuwa zimemkera mtu." Nikatafsiri. "Waambie aliyelalamika nataka nimwone. Nimwombe radhi uso kwa uso, halafu nitakata mwenyewe, kisha nirudi kwangu."

Hayo sikuyatafsiri. Yule mzee wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameketi safu ya pili, kofia imekaa gotini. Baba aligeuka akamtazama. Baba Kasongo akamtazama, Mama Achieng akamtazama, jumuiya nzima ikamgeukia, na mzee wa watu akageuka naye kuangalia nyuma yake, aone ni nani anayetazamwa hivyo. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Bibi, ni mimi," nikasema. Kiswahili kilinitoka chenyewe. "Nilipiga simu mimi. Nilitaka kujua tu." Kipaza sauti kilipeleka maneno yangu kila kona. Waliokuwa hawaelewi ni wakubwa wa mji na yule mzee peke yao.

Bibi alinigeukia. "Ulitaka kujua nini?"

"Kama mchicha ni nyasi."

"Sasa mwanangu," alisema, "si ungeniuliza mimi?" Alinifuta pua kwa upindo wa khanga, mbele ya serikali yote ile. "Haya. Waambie tumemaliza." Akanigeuza tukarudi kuketi.

Meya alivua miwani. Aliuliza kama kuna anayeweza kumweleza kilichosemwa. Dada Imani, ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha, aliomba ruhusa akasimama. Alisema mlalamikaji amepatikana, ana miaka kumi, mwenye bustani amemsamehe, na kwa upande wa familia shauri limekwisha. Ukumbi ulicheka, na mkaguzi, aliyebandika ile karatasi, alicheka kuliko wote. Alipoulizwa alikiri kuwa aliona urefu tu, hakujua kuwa mmea huo unaliwa, na chakula kinachopaliliwa ni bustani, si gugu. Meya akaomba tupunguze upande wa njia ya miguu ili watu wapite. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko salamu za Baba.

Nje, Baba alimfuata yule mzee kwenye maegesho na kumsalimia kirefu, bila taa ya kumkatiza, akamwomba msamaha. Kesho yake Bibi alimpelekea mfuko wa mchicha. Mzee aliutazama, akasema mama yake huko kusini alikuwa akiuchuma kandokando ya mashamba na kuupika na nyama iliyokaushwa kwa moshi, na kwamba alikuwa hajauonja tangu mama huyo alipozikwa. Begi la Bibi lilirudi chini ya kitanda. Alikaa mpaka siku ya tiketi yake ilipofika yenyewe, akaondoka ametuachia kikopo cha filamu kimejaa.

Leo mimi ni karani wa mji mwingine mdogo katika kaunti ileile, nusu saa kutoka mtaa wetu wa zamani. Malalamiko yanakuja kwa simu za mkononi yakiwa na picha, na wanaoyatuma hawaandiki majina. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki hakuna mtu aliyelalamikiwa aliyeomba kumwona aliyemlalamikia amtake radhi, na nikiwa mkweli, fomu zetu hazina mahali pa kuandika ombi kama hilo. Tunafanya kazi haraka kuliko wale wa zamani. Sijui kama tunamaliza mashauri mengi kuliko Bibi.

Kiangazi kilichopita simu ya mezani ililia, na sauti ya mtoto ikauliza mimea inaruhusiwa kufika inchi ngapi, maana ya mama yake imempita kichwa. Nilimwambia kipimo, nikamwambia pia kuwa chakula si gugu. Kompyuta ilikuwa imefungua ukurasa wa anwani, inasubiri. Alipoanza kunitajia namba ya nyumba, kwa madaha, nilimkatiza. Nikamwambia asiniambie anakaa wapi, aende kwanza akamwulize mama yake mimea hiyo inaitwaje.