Ukuta Mbichi wa Italia

Majirani walimbatiza Mama Rangi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka, na kucha zake hazikukosa alama ya bluu au nyekundu. Alipoamua kuwasomesha wanawe wawili nyumbani, mama mkwe alishika kichwa.

"Mwanangu, rangi hazijazi kichwa," alimwambia.

Wiki ile walikuwa wanajifunza Italia. Ramani walishaichora, lile buti linalotaka kupiga kisiwa teke. Kidomo, mtoto wa mwisho asiyejua kunyamaza, akauliza, "Mama, hizo picha za kale za kwenye kuta za Italia zimekaaje miaka yote hiyo bila kubanduka?"

"Walichora lipu ikiwa bado mbichi. Ukuta unainywa rangi, vikikauka vinakuwa kitu kimoja."

"Basi na sisi tuchore!"

Mama Rangi akamgeukia mumewe, fundi wa lipu, aliyekuwa akinywa chai yake taratibu. "Baba watoto, chokaa ipo?"

"Hata siku ya mapumziko?" alinung'unika, lakini alishainuka.

Akapiga lipu kipande cha ukuta wa uani, upana wa mlango. Watoto wakavaa glavu, maana chokaa mbichi haina urafiki na ngozi, wakaanza kuchora Venisi: nyumba zimesimama majini, mashua zinapita milangoni. Mikono mbiombio, kwani lipu haimsubiri mtu.

Hapo ndipo bibi yao alipopiga hodi. "Ndiyo masomo haya? Kuchafua ukuta?"

"Shikamoo Bibi, hakuna muda, inakauka!" Binti mkubwa akamtia brashi mkononi.

"Marahaba. Mimi? Sijawahi kuchora hata kuku!" Kisha akasogea, akakodoa macho. "Mji mzima uko majini? Sasa sokoni wanaendaje?"

"Kwa mashua, Bibi!"

Bibi akajifunga kanga kiunoni. Akachora mwanamke ndani ya mashua, kapu mapajani, shingo ndefu kama twiga. Pembeni, Kidomo alikuwa amesimamisha mnara ulioinama.

"Huo uko mji wa Pisa, siyo Venisi," dada yake akafoka.

"Umekuja kutembea!"

Wakacheka mpaka baba mtu akakalia ndoo.

Siku chache baadaye, ukuta ulipokuwa mkavu kabisa, Kidomo alipitisha kitambaa chenye maji juu ya mashua. Kitambaa kikatoka cheupe vilevile, bila hata tone la rangi. Alipiga ukelele uliowatoa wote ndani, Mama Rangi akiwa na brashi ya bango mdomoni.

Bibi, aliyekuwa amekuja tena bila kualikwa, alikuwa na malalamiko yake. "Yule mwanamke wangu wa mashuani hana hereni."

"Umechelewa, Mama," mkwe wake akamjibu. "Ukuta umeshafunga, haunywi tena rangi."

Bibi akamtazama mwanawe, yule fundi. "Nyumbani kwangu kuna ukuta mrefu zaidi ya huu. Utakuja lini?"