Kiongozi Aliyekataa Kuvuka Mto

Haya si maneno ya kusikia kwa watu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu, bila kuonja hata tone la pombe, na hadi leo yananichoma. Ukitaka kunicheka, nicheke, lakini nisikilize hadi mwisho kwanza.

Mdogo wangu Wekesa alikuwa fundi wa pikipiki. Tuliishi na mama Nairobi, mtaa wa Mowlem, mimi nikifanya kazi kiwanda cha mikate. Tajiri mmoja akamchukua Wekesa akafanye kazi mlimani, upande wa Nyandarua, alikokuwa ameleta pikipiki za magurudumu manne. Wageni walizipanda kuzunguka msituni kwenye matope, na Wekesa ndiye aliyewatangulia kuwaonyesha njia. Kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani nguo zimeganda tope, mama akimgombeza huku anacheka.

Ikaja mvua ya Elnino. Wekesa hakurudi. Tulipotuma mtu kuuliza, tajiri akajibu kwamba kijana wetu ametoroka na pikipiki yake, na tukimwona tumpeleke polisi. Mwizi! Wekesa, aliyekuwa akirudisha hata spana ya kuazima! Maneno yakaenea mtaani. "Buda, si bro yako alihepa na mali ya wenyewe?" vijana wa ploti yetu ya kupanga waliniuliza, na nusura nipigane nao. Mama akaacha kwenda kanisani. Angemlilia vipi mtoto ambaye hakuna aliyesema amekufa?

Mwaka uliofuata nikaomba ruhusa kazini, nikaenda huko mwenyewe. Sikusema mimi ni nani. Nikajifanya mgeni anayetaka kuzungushwa msituni kama wengine. Nikapewa helmeti, pikipiki ya rangi ya kijani, na kiongozi, mtu wa makamo aitwaye Njoroge. Akanionyesha jinsi ya kubonyeza mafuta kwa kidole gumba, kisha akasema, "Fuata alama za magurudumu yangu. Usiende kwingine."

Nilikusudia kumchimba maneno tukishafika mbali na kambi. Lakini njia ilikuwa tope tupu, nikakwama, na ukungu ukashuka hata sikuona mti ulio karibu nami. Nilipojinasua, Njoroge hayupo. Nikaita na kuita. Halafu nikaona mgongo wa mtu mbele yangu juu ya pikipiki, amevaa koti la mvua la manjano. Nikashukuru Mungu, nikamfuata.

Alienda polepole, kona baada ya kona, mpaka tukafika kwenye mto. Hapo akasimama. Nikapiga honi, hakusogea. "Boss, si tuvuke?" Hakugeuka. Baridi ilikuwa imeniingia, na hasira ya mwaka mzima ilikuwa imenijaa kifuani. Kiswahili kikanipotea kabisa, nikampigia kelele kwa lugha ya kwetu, ile ninayogombana nayo na watu wa nyumbani tu: "Vuka! Tunavuka mto, twende nyumbani, mama anangoja!"

Kama umetoka kwetu magharibi, unajua nilichokifanya. Tukimsafirisha marehemu kutoka Nairobi, kwenye kila mto mtu humwambia kwamba tunavuka, twende nyumbani. Asipoambiwa, hubaki pale. Lakini niamini, wakati ule sikuwaza hayo hata kidogo. Nilikuwa nafoka tu.

Yule mtu akavuka mara moja.

Nilimfuata hadi nikaona mabati ya kambi, na hapo ukungu ukammeza. Njoroge akanikimbilia. "Umetokea wapi? Njia hiyo tuliifunga!"

"Nimeletwa na mwenzako wa koti la manjano."

Akaziba mdomo kwa mkono. Tukarudi kutazama matope niliyopitia. Alama za magurudumu zilikuwa za pikipiki moja, yangu.

"Nilijua tangu asubuhi," akasema. "Una sauti yake." Akanieleza yote. Wakati wa Elnino mto ulifurika, Wekesa akakataa kuwavusha wageni. Tajiri akamwambia aingie kwanza apime kina, la sivyo afunge virago aende kwao. Akaingia na koti lake la mvua la manjano, mto ukamchukua. Mwili haukuonekana. Pikipiki ilipatikana imekwama kwenye mawe, na wafanyakazi wakaonywa kwamba atakayefungua mdomo atafukuzwa.

"Wakaipaka rangi ya kijani," Njoroge akasema bila kuniangalia. "Ndiyo hiyo uliyoikalia."

Wewe ungefanya nini? Nilimwendea tajiri barazani, anakunywa chai, nikamwambia usoni alichofanya. Hata kikombe hakukiweka chini. "Ndugu yako aliniibia. Nani amekuambia mengine?" Nikamgeukia Njoroge. Njoroge akatazama viatu vyake. Vijana wake wakanitoa langoni kama mbwa.

Nilifika Mowlem jioni. Mama akafungua mlango kabla sijabisha, akatazama nyuma yangu.

"Mbona unamwacha mwenzako nje, mwanangu? Mwambie aingie, amelowa."

Nyuma yangu hakukuwa na mtu. Lakini Mowlem mvua haikuwa imenyesha, na simenti ya mlangoni ilikuwa na maji ya matope. Nikamwambia aingie, kwa lugha ya kwetu. Ndipo mama alipolia, kilio cha mwaka mzima, majirani wakajaa ndani, nikawasimulia yote, na neno wizi halikutajwa tena kwenye ploti ile.

Tulienda nyumbani tukazika mgomba, kama ifanyikavyo kwetu mwili usipopatikana. Polisi waliniambia nilete ushahidi. Ushahidi gani, koti la manjano? Mpaka leo siwezi kupita daraja lolote bila midomo yangu kusema tunavuka. Na tajiri bado anawatembeza watu kwenye matope yale.

Kwa hiyo ukiambiwa kijana wako ametoroka kazini, usikubali upesi. Nenda ukamwite mwenyewe, kwa lugha aliyonyonyea. Na ukikodishiwa pikipiki mlimani, kwangua kidogo uone chini yake kuna rangi gani.

Nawe tajiri, habari hii ikikufikia, jua hivi. Kabla mgomba haujashushwa kaburini, mama alizungumza nao. Alimwambia Wekesa kwamba amefika kwao, na kwamba kila mtu sasa anajua hakuiba. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikasikia kila neno. Hakumwambia akusamehe.