Asia aliyefuta msiba wa mtemi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, Asia Mwinshehe anafungua mlango wa chuma wa kafe ya intaneti iliyo nyuma ya soko la Morogoro. Anafagia, anapangusa vumbi kwenye kompyuta nane, kisha anaziwasha moja baada ya nyingine huku akisikiliza. Ya sita inakoroma kidogo, halafu inatulia.

"Hiyo ina pumu," anasema bila kugeuka.

Wateja bado. Kwa kawaida wa kwanza kuingia ni wanafunzi wa chuo, wanaokuja kusoma barua pepe kwa shilingi mia tano kwa saa. Leo Asia hana habari nao. Anakaa kwenye kompyuta iliyo jirani na kaunta, anafungua jukwaa lake la mtandaoni na kutazama kama kuna aliyeandika chochote. Hakuna. Analifunga, anapanga karatasi za kuchapia, analifungua tena.

Leo ni arobaini ya Mtemi Sekwao, mtu ambaye hajapata kuishi popote duniani. Asia ndiye aliyemuua, na waombolezaji wake akawafukuza. Tangu hapo hawajarudi, na kama hata leo hawatarudi, basi kazi yake ya miaka miwili imekwisha.

Asia ana umri wa miaka 31. Alizaliwa Ngerengere, binti wa fundi wa reli. Baba yake alipopunguzwa kazini mwaka 1996, familia ilihamia Mafiga, vyumba viwili vya kupanga, na yeye akapelekwa kusomea upigaji chapa ili apate kazi ofisini.

"Nilimaliza kozi ya tapureta mwaka ambao maofisi yalikuwa yanazitupa tapureta zenyewe," anasema. "Cheti ninacho mpaka leo. Kizuri tu, kina mhuri."

Aliyemwokoa ni Mzee Yusufali, muuza vitambaa. Mitumba ilipomharibia biashara, mwaka 2001 aligawa duka lake katikati, upande mmoja akaubakiza na majora yake na upande wa pili akaweka kompyuta. Alitaka mtu anayejua kuchapa bila kutazama vidole. Sasa Asia analipwa shilingi elfu sabini kwa mwezi, na ruhusa ya kutumia mtandao wateja wasipokuwepo.

Katika saa hizo za upweke ndipo alipowaona wageni wa ng'ambo wakicheza hadithi kwa kuandikiana. Mmoja anaandika kwamba ameingia mlangoni, mwingine anajibu kwamba amemkaribisha kiti, na hadithi inasonga hivyo hivyo. "Wao walikuwa na majumba ya mawe na mapanga," anakumbuka. "Nikasema, na sisi si tunaweza? Tuna milima, tuna watemi, tuna maneno. Maneno hasa ndiyo tunayo."

Mwaka 2003 akaianzisha nchi ya kubuni, akaiita Ukembe. Kila mchezaji huchagua mhusika wake, akamwandikia anachofanya na anachosema. Hadi mwanzoni mwa mwaka huu wachezaji walikuwa 34, wakiwemo wanafunzi, karani wa benki aliyeko Mwanza, muuguzi wa Dodoma anayeitwa Joyce, na Drashti, binti wa Mzee Yusufali mwenyewe, ambaye mle ndani ni mhunzi mwenye matusi mengi.

Ugumu wa kazi hii, kwa maelezo ya Asia, ni kupima. Kuna hadithi kuu, anayoipanga yeye kwa miezi: njaa, nzige, vita. Halafu kuna shughuli za wachezaji wenyewe, harusi, mnada, ngoma ya kumtoa mwali.

"Hadithi kuu ikizidi, watu wanageuka watazamaji. Wanakaa wanakungoja wewe uwaambie kinachofuata," anasema. "Shughuli zikizidi, kila mtu anacheza ngoma uani kwake na nchi haiendi popote. Mimi niko hapo katikati, nalaumiwa na pande zote mbili."

Ana daftari la kalenda. Wiki za hadithi kuu amezitia wino mwekundu, nyingine amewaachia wachezaji. Mara moja harusi iliangukia siku ya nzige. Upande wa bibi harusi walifunga milango na kuendelea kula. Asia akacheka, akawasogeza nzige hadi Jumanne. Anakiri kwamba siku ile alikuwa na akili kuliko alivyokuja kuwa baadaye.

Kwa miezi saba aliiandaa Vita ya Kiti. Mtemi Sekwao, aliyechezwa na karani wa Mwanza, angekufa Jumatatu. Jumanne mwanawe angekalia kiti. Jumamosi jeshi la Nyalumbe, nchi jirani inayoongozwa na Joyce, lingevamia. Ramani ilikuwa tayari. Karani alikuwa anakwenda masomoni na alifurahi kufa kwa heshima.

Jumatatu Mtemi akafa. Jumanne Asia akafungua jukwaa, akakuta hakuna aliyekwenda kwenye kiti.

Watu walikuwa msibani. Mmoja alikuwa ametandika mikeka, mwingine anachimba kaburi na kulalamikia mizizi. Wanawake walikuwa wamegawana zamu za jikoni. Mhunzi wa Drashti, ambaye hajawahi kumaliza siku bila kutukana, aliandika mistari miwili tu, kwamba amefunga kiwanda na amekuja kukaa.

Jumatano jeshi la Nyalumbe likafika, siku tatu kabla ya ratiba. Likaweka mikuki chini. Joyce akaandika kwamba wao ni watani wa Ukembe tangu walipotaniana kwenye mnada wa mwaka jana, na mtani hawezi kukosa kuzika. Askari wake mmoja akashuka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Mwingine akavaa kilemba cha marehemu na kuiga alivyokuwa akikohoa. Wafiwa wakacheka na kulia kwa pamoja, kama ilivyo desturi.

"Mimi mwenyewe ndiye niliyeruhusu ule utani," anasema Asia. "Niliona ni mzaha wa sokoni. Nimekulia kambi ya reli, kule msiba unasimamiwa na kamati. Sikujua kwamba ukishamwita mtu mtani, umeshamkabidhi na jeneza lako."

Kisha akatokea Yeremia. Huyu ni mkulima wa mboga wa Mgeta, mtu wa miaka hamsini na kitu, anayeteremka na lori la kabichi kila siku ya soko na kulipia saa moja. Anachapa kwa vidole viwili. Katika mchezo ni mganga. Aliandika sentensi moja: "Mtoto wa mtemi ni mtu wa ukoo wa mama yake, kiti ni cha mpwa, mleteni mpwa." Wachezaji wote wenye asili ya milimani, ambako ukoo hufuata upande wa mama, wakamuunga mkono, na mrithi wa Asia akabaki hana pa kukaa.

Alhamisi Asia alishikwa na hasira. Anasema wazi kwamba ilikuwa hasira ya mtu aliyepika chakula cha watu mia, wageni wakaenda kula kwa jirani. Alizifuta kurasa zote za msiba, arobaini na moja, zisizo na nakala. Mahali pake akaandika: "Vita imeanza."

Hakuna aliyepigana. Hakuna hata aliyegomba, na hilo ndilo lililomtisha. Baada ya wiki moja walibaki wachezaji wanne. Baada ya mbili, alibaki peke yake na ramani yake. Drashti akawa anapita kaunta anasalimia na kwenda zake.

Siku ya soko iliyofuata Yeremia aliingia kafe, akakaa kwenye benchi, lakini kompyuta hakuigusa.

"Shikamoo, mjomba," Asia alimwambia.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Leo huchezi?"

"Nicheze wapi, mwanangu? Umefukuza watu msibani."

Asia alijitetea. Alimwambia kwamba Mtemi hakuwa mtu wa kweli, na kwamba ile ilikuwa hadithi tu, yenye mpango wake.

"Najua si mtu," Yeremia alisema. "Lakini mimi nilikaa pale. Mwaka juzi nimemzika dada yangu, mvua ya masika, lori limekwama, watani hawakufika. Pale kwako walifika. Nikacheka. Halafu naja wiki ya pili, hakuna kitu."

Asia anasema aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Alimuuliza afanye nini.

"Uende ukakae chini kama wengine," Yeremia alimjibu, akanyanyuka kwenda kulifuata lori.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Katika miaka yote miwili Asia hakuwahi kuwa na mhusika. Alikuwa anaamua mvua na njaa, basi. "Nilikuwa kama Mungu wao," anasema. "Sasa Mungu anakaa wapi kwenye mkeka?"

Ilimchukua siku tatu kuamua. Alimtunga mwanamke mmoja asiye na cheo wala ukoo mkubwa, akampa jina la Mwanamgeni. Kisha akawatumia wachezaji wote 34 barua fupi. Aliwaomba radhi. Aliwaeleza kwamba vita ameifuta na kiti ni cha mpwa. Arobaini itakuwa Jumamosi, wenye shughuli ni wao, yeye atakuja kama mfiwa. Hakuna aliyejibu.

Ndiyo Jumamosi yenyewe hii. Mchana unapita. Wanafunzi wanaingia na kutoka, umeme unakatika nusu saa na kurudi. Mwanamgeni ameandikwa tangu asubuhi: amefika, amevua viatu, amekaa karibu na mlango. Chini yake ukurasa ni mweupe.

Asia anazungumzia mipango yake kwa sauti ya chini. Wakirudi, atawaachia wao wino mwekundu miezi sita, waseme nchi inakwenda wapi, naye afuate. Wasiporudi, atalifunga jukwaa na kuendelea kuuza saa za intaneti. "Nitaumia," anasema. "Sitasema uongo."

Saa kumi na dakika kumi ukurasa unasogea. Ni Joyce. Jeshi la Nyalumbe limefika, limekuta uwanja haujafagiwa, na linauliza huyu mwanamke aliyekaa mlangoni kama sanamu ni nani, na kwa nini hana kazi.

Asia anaandika kwamba yeye ni mgeni, alikosea njia siku ya mazishi, na anaomba apewe kazi yoyote.

Jibu linakuja haraka. Watani hawapiki kwa maneno, anaandika Joyce. Aende kuni, asirudi na vijiti. Chini yake mhunzi anaongeza tusi moja refu. Anayefuata ni mganga. Leo si siku ya soko, ila Yeremia yupo, nyuma kabisa, kwenye ile kompyuta yenye pumu. Ameingia wakati umeme umekatika na Asia hakumwona.

Mzee Yusufali anachungulia kutoka upande wa vitambaa na kuuliza kuna nini, mbona analia mbele ya wateja.

"Nimetumwa kuni, mzee," anasema Asia, na kuanza kuchapa.