Siku Niliyojitangazia Tanzia

Jumamosi moja ya mwezi wa Rajabu nilipoteza uhai, kuanzia adhuhuri mpaka jua lilipoanza kupoa, na aliyetangaza kifo changu ni mimi mwenyewe. Aibu yake ningali naibeba kila nitokapo nje, maana hapa kijijini Waa ni wachache wasiofika kwenye matanga yangu.

Mume wangu Bakari alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Mimi ndiye mwandishi wa tanzia wa chama chetu cha mazishi (shule niliishia darasa la nane, lakini maandishi yangu hayajawahi kusemwa vibaya), na hata tanzia yake niliiandika mimi, siku ile ile, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Sasa Rehema, binti wa dada yangu, anayefundisha chuoni na kukaa Ukunda karibu na Kona ya Musa, alikuwa akitayarisha makala kwa jarida la wasomi wanaochunguza namna watu wanavyoandika. Makala yenyewe ilihusu tanzia zetu za simu: kwa nini ukoo hutajwa mapema, kwa nini saa ya kuzika huja mwisho, kwa nini mtu akiisoma haulizi mara mbili. Akaniambia, "Mama mdogo, jina lako litakaa pale juu pamoja na langu." Wallahi sikulala. Mimi, kwenye jarida la wasomi.

Kilichotukwamisha ni mfano. Tulitaka tanzia ya Bakari, neno kwa neno, na jarida lilitaka idhini ya jamaa wa marehemu, au jina libadilishwe. Mimi niliridhia. Wifi yangu Mwanajuma, dada yake Bakari, alikataa kule kwake Msambweni, akasema ndugu yake si wa kusomwa na watu wasiomjua. Mimi nilitaka hasa wasiomjua ndio wamsome, wajue alikuwepo, lakini sikubishana naye.

Siku ya mwisho ya kutuma ikafika. Asubuhi nikaketi na simu nikimtafutia maiti jina jipya, na kila jina lililonijia lilikuwa na mwenyewe, tena mzima, na mimi siwezi kumuua mtu hata kwa maandishi. Basi adhuhuri ilipofika nikajiweka mimi. Mwanahamisi binti Omari, mjane wa marehemu Bakari, maiti yuko njiani kutoka hospitali, mazishi leo baada ya sala ya alasiri, inshallah. Nikamtumia Rehema (nilivyodhani), simu ikazimika kwa kukosa chaji, nikavaa buibui langu na kwenda Ukunda.

Rehema hakuwa ameiona. Alikuwa amezima simu yake asisumbuliwe, nasi tukasema ya nini kuhangaika, nikamtamkia upya kwa kichwa, akapiga chapa, tukasoma, tukakosoa, tukacheka kama wasichana. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa imeingia kwenye kundi la chama. Na kwetu tanzia haipigiwi simu kuulizwa. Mtu hujitanda leso akaenda.

Rehema alibaki aisome makala mara ya mwisho ndipo aitume. Niliporudi nikakuta turubai limefungwa kwenye uwanja ulio baina ya nyumba zetu, mikeka imetandikwa, sufuria ziko motoni. Nikajua jirani amefiwa. Nikapunguza mwendo, nikajifunika vizuri, nikamuuliza kwa sauti ya chini mama mmoja mgeni aliyekuwa akimenya vitunguu ni nani aliyetutoka.

"Mwanahamisi, mjane wa Bakari."

"Inna lillahi," nikasema, tena kwa uchungu wa kweli, kabla akili haijapokea nilichoambiwa.

Mwanajuma alikuwa kwenye mkeka wa wafiwa, macho yamevimba. Akaniona. Alinipiga begani, akanikumbatia, akanipiga tena, na wanawake wawili walikwisha kukimbilia barabarani. Mwenyekiti wa chama, Mzee Hamadi, akaja taratibu kuuliza nani aliyetuma tanzia, nikajibu ni mimi.

"Ukajitangaza mwenyewe."

"Shikamoo, mzee. Ndiyo."

"Na saa ya kuzikwa ukaweka."

"Haikamiliki bila saa, mzee."

Wachimba kaburi wakamtuma mmoja wao, ana udongo mpaka magotini, kuuliza waendelee au wafukie. Nilitamani niwaambie waendelee. Badala yake nikaeleza yote pale pale, bila kupunguza, nikaapa sitatuma tena neno kabla ya kusoma jina lililo juu ya kioo (na kiapo hicho nimekishika). Wengine walicheka, wengine walinuna, na Mzee Hamadi akasema chama kitakaa kunizungumzia.

Mwanajuma hakucheka.

"Mimi nilikataza ndugu yangu asiwekwe," akasema. "Nilikwambia ufe wewe?"

Nikamwambia mwingine sikumpata.

Akachukua simu ya jirani akampigia Rehema, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amewasha yake na kukuta pole zimejaa.

"Huyu mtoe, yuko hai, nimemshika mkono," akamwambia. "Mrudishe Bakari. Andika."

Akaanza kumtajia tanzia ya ndugu yake, neno kwa neno, kumbe mwaka mzima alikuwa nayo moyoni. Alipofika kwenye jina la baba yao sauti ikakatika. Nikalitaja mimi, naye akaendelea mpaka saa ya mazishi.