Bomba Nililoliegemeza Kama Mgomba

Asubuhi hiyo mpishi aliuliza kama bomba langu limepata dawa ya kifua.

"Shikamoo, mzee," nikamjibu.

"Marahaba. Maana bado linakohoa."

Katika nyumba ile ya mzungu wa kahawa, juu kidogo ya Tengeru, kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji ya kuoga. Pipa lilikaa nje juu ya mawe, nami nilikoka moto chini yake. Bomba lilitoka juu ya pipa, likaambaa ukutani hadi bafuni. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne tulipofiwa na wazazi, na kwa kazi hiyo nilipewa chumba cha kukaa na wadogo zangu watatu. Kazi ikienda, na chumba kinakwenda.

Tangu Jumatatu bomba lilitoa pumzi tu. Ukifungua, linakohoa, linatema maji kiasi cha kijiko, linanyamaza. Memsahibu alisema, kwa upole ulionitisha kuliko makelele, kwamba wageni wake wanafika Jumamosi saa kumi, na wasipopata maji moto atatafuta mtu mwingine. Sasa ilikuwa Jumamosi.

Nilijaza tangi la juu linalolisha pipa hadi likafurika. Nikaongeza kuni hadi pipa likanguruma. Nikaligonga bomba kwa jiwe.

"Jaribu na bakora," mpishi alisema dirishani. "Labda ni ukaidi tu."

Saa nane mdogo wangu wa kike alileta mzigo wa kuni. Akautua, akatazama ukutani.

"Kaka, mti wa kuegemezea mgomba unafanya nini hapo?"

Nikamweleza. Jumapili, nikitoka kanisani, niliona bomba limelegea katikati. Kwetu Meru mgomba ukiinamishwa na mkungu huuachi hivyo. Unakata mti wenye panda, unauegemeza. Nami niliegemeza, tena kwa bidii, hadi katikati pakapanda juu kuliko kwenye ncha zote mbili.

"Sasa lina nundu kama ng'ombe," alisema.

Nikabaki naitazama nundu ile. Hewa ilikuwa imejikalia pale juu, na maji yako chini yanangoja ipishe.

Niliung'oa mti, bomba likashuka, nikakimbilia bafuni. Lilikohoa mara tatu, likanitemea kutu usoni, kisha maji yakaja, mengi, yakifuka mvuke. Mpishi aliyajaribu kwa kidole.

"Limepona," alisema, akikipuliza kidole.

Saa kumi memsahibu alizunguka nyumba na wageni wake. Akasimama mbele ya bomba.

"Hili linalegea. Liwekee kitu."

Mti nilikuwa nimeuficha nyuma ya mgongo.

"Liache tu, memsahibu," nikasema. "Hili halizai."

Wageni walioga wote, mmoja mara mbili. Mti wangu niliupeleka kwenye mgomba ulioinama nyuma ya chumba chetu, na mkungu ulipokomaa tuliula wenyewe, sisi wanne, na mpishi akadai mkono mmoja wa ndizi kwa sababu ya kidole chake.