Mwaka Aliompa Mwenzake

Mume wangu alipotolewa kizuizini, lori la serikali lilimteremsha njia panda ya Mwabungo pamoja na mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimejitayarisha tangu alfajiri. Nilikuwa nimepaka hina, nimefukiza udi chumba kizima, nimevaa kanga mpya aliyoninunulia mavyaa wangu, mamake mume wangu, kwa ajili ya siku hiyo. Nikamwona anakuja polepole, amekonda, na kando yake mwanamume mrefu wa bara aliyembebea mzigo wake begani.

Mume wangu alitoa salamu, nikaitikia. Kisha akasema, "Huyu ni ndugu yangu. Atakaa nasi."

Nilikwenda jikoni kuongeza tui kwenye mchuzi.

Kabla ya kukamatwa alikuwa karani wa tawi la chama huku kwetu, chama kilichodai ardhi na haki ya kupiga kura. Vita vilipozuka bara, serikali ilikipiga chama hicho marufuku, na wanachama wakazolewa hata huku pwani ambako hatukusikia mlio wa bunduki. Yeye walimchukua akitoka kuswali adhuhuri. Hatukuwa tumepata mtoto bado. Miaka ilipozidi, watu walimjia mama yangu kumshauri niende kwa kadhi nikaombe ndoa ivunjwe. Nilikataa. Nilisuka ukili, nikauza mikeka, nikamngoja.

Na kurudi kwenyewe hakukuwa kurudi kwa mtu huru. Kila Ijumaa asubuhi ilimlazimu kujipeleka kwa chifu na kusimama uani mpaka aitwe. Hakuruhusiwa kuvuka feri ya Likoni. Hakuruhusiwa kuhudhuria mkusanyiko wowote, hata harusi ya binamu yake pale Waa ilimpita. Tajiri aliyekuwa akinunua mbata zetu, zile nazi zilizokaushwa, alisema hataki matatizo. Wenzake wa chama, waliosalimika kwa kukikana, walibadili njia walipomwona. Msikitini waliokaa karibu naye walijisogeza kidogo, kila mmoja upande wake.

Mgeni wetu naye alikuwa na yake. Alikuwa mwanachama wa chama kilekile huko bara. Chifu wa kwao alikataa kumpokea kwa kuwa hakuwahi kukiri kosa lolote, na mume wangu alikuwa amemdhamini akae huku badala ya kurudishwa kambini. Nilijua napaswa kumwonea huruma. Nilimwonea wivu.

Walikuwa wakikaa barazani mchana kutwa wakizungumza lugha ya kwao yule mgeni, ambayo mume wangu alikuwa amejifunza huko kambini. Nilipofika na chai walihamia Kiswahili, wakaniuliza habari za kisima. Nikiondoka, nilisikia lugha ile imerudi. Hata ukili wangu waliuchukua; mgeni alikuwa mjuzi wa kusuka vikapu, na mume wangu, ambaye zamani hakuwa akishika kazi ya mikono, alikaa mkabala naye akisuka kama aliyezaliwa nayo. Nilipika wali wa nazi na papa, chakula alichokuwa akikisifu tulipooana. Alikula kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Siku moja ungetupikia pure. Mahindi na maharage tu, bila nazi."

"Bila nazi," nikarudia.

"Shemeji asijisumbue," mgeni akasema. "Mimi nitapika."

Akapika jikoni kwangu, kwenye chungu changu, na mume wangu akala akaongeza.

Siku moja tulikuwa watatu tukitoka kuokota korosho. Karibu na barabara ya Diani palikuwa na vibarua wanaotengeneza njia, na nyapara wao akapuliza filimbi kuwaita. Mume wangu na mgeni walichuchumaa papo hapo, mikono kichwani, bega kwa bega. Vikapu vilianguka, korosho zikatapakaa. Vibarua wakaangua kicheko. Wale wawili walibaki vile kwa muda, kisha wakatazamana, wakaanza kucheka wenyewe, wakacheka mpaka machozi yakawatoka, wakasaidiana kuinuka. Mimi nilikuwa nimesimama. Niliinama nikaokota korosho peke yangu. Nilikuwa nimeolewa na mtu huyu, na hapakuwa na jambo lolote duniani ambalo mimi na yeye tungeweza kulicheka namna ile.

Haukupita muda chifu akaniita. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mume wangu.

"Mama," akasema, "nasikia yule mtu wa bara amekuwa mzigo kwako. Mwanamke ana haki ya kustarehe nyumbani kwake. Sema tu kwamba hukuridhika, nami nitamwondoa wiki hii."

Nilitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nilifikiri: akiondolewa kwa ajili yangu, mume wangu atamfuata kwa moyo maisha yake yote, nami nitabaki na mwili umekaa barazani. Wivu uleule ndio uliojibu.

"Ni mgeni wangu, chifu. Sina tatizo naye."

Nilirudi nikamkuta mgeni peke yake uani, anapasua kuni. Nikamwambia aliyoniambia chifu na niliyomjibu. Aliweka shoka chini.

"Kwa nini shemeji ulikataa? Najua hunipendi."

"Niambie mlichokipata huko ambacho mimi siwezi kuambiwa."

Akaketi juu ya gogo akaniambia. Mume wangu angeweza kutoka mwaka mzima kabla. Wakubwa wa kambi walimwita wakamtaka aseme kwamba huyu mwenzake alikuwa akiwalisha wafungwa kiapo cha kuipinga serikali. Ilikuwa uongo, na angeutamka, angepanda lori siku ileile. Alikataa. Wakamrudisha kuchimba mawe.

"Mimi nilimwambia akubali," mgeni akasema. "Yeye alikuwa na mke anayemngoja. Wangu amekwenda kukaa na askari wa kijiji. Nilimwonea wivu kwa ajili yako, shemeji, mpaka kuna siku sikutaka kulala karibu naye."

Alidhani ananipoza. Nilikwenda shambani moja kwa moja, nikamkuta mume wangu anapalilia mihogo.

"Mwaka ule ulikuwa wangu," nikamwambia. "Ukampa yeye."

Alielewa mara moja. Hakuniuliza nani kanieleza.

"Nilimpa," akasema.

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizia wapi? Nilijua wewe utaweza. Yeye hakuwa na mtu."

"Nani alikwambia nitaweza?"

Alikaa chini katikati ya matuta, nami nikakaa. Nililia kwa hasira, na sikumficha. Ndipo aliponisimulia, kwa Kiswahili, mambo yote: mawe, maji ya chumvi, mtu aliyekufa akiwa amemshika mkono. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi tulipoinuka. Sikumsamehe ule mwaka siku hiyo, na sina hakika kama nimemsamehe hata sasa. Lakini tangu hapo nilipopita barazani nilikaa, hata wakizungumza lugha ile, mpaka nikaanza kuyashika baadhi ya maneno.

Mwishowe ikaja ruhusa mgeni arudi kwao. Mume wangu aliomba kumsindikiza hadi Mombasa, chifu akakataa. Basi nikaenda mimi. Waliagana mlangoni wameshikana mikono. Njiani hadi Likoni mgeni alinibebea kapu, kisha akapanda feri, na kabla haijaondoka aliniambia maneno machache ya kumfikishia mume wangu.

Niliporudi mume wangu alikuwa amesimama njiani.

"Alisema nini?" akauliza.

"Amesafiri salama."

"Hakusema neno?"

"Alisema."

Alingoja. Nikampita nikaingia ndani, nikavua buibui, nikachochea moto. Alinifuata mpaka mlango wa jikoni, akasimama pale kama mtu anayeomba maji. Nilikaa na maneno yale mpaka mwezi ukaandama, nikiyafurahia peke yangu, ndipo nikampa.